Kumchunguza na Kumchagua Mtumishi wa Kanisa: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka mambo ni yale yale katika sharika zetu, iwe Mufindi, Makete, Rungwe au Mbozi. Kijana anakuja Jumapili baada ya ibada, ameshika fomu ya chuo cha Biblia, na mwisho wa kurudisha fomu ni wiki ijayo. Mchungaji anawaita wazee wachache ofisini. Wanaulizana, "Huyu si mtoto wa mzee fulani? Mama yake si yuko Umoja wa Wanawake?" Muhuri unagongwa, sala inafanywa, watu wanatoka nje kwenda kwenye mnada wa sadaka. Baada ya hapo kanisa litamlipia ada kwa miaka kadhaa, litamwekea mikono, na litamkabidhi wajane, watoto wa Shule ya Jumapili, daftari la mapato na funguo za kanisa mpaka atakapostaafu.

Muda tunaoutumia kumchunguza mtu huyo haulingani hata kidogo na mzigo tunaomtwika, na haulingani na madhara wanayoyapata washirika pale mtu asiyefaa anapokaa madhabahuni. Ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu. Natumia maneno ya Kilutheri ya ngazi za kanisa, kutoka chini kwenda juu (mtaa, usharika, jimbo, dayosisi), kwa kuwa ndiko ninakotumika. Mmoravian mwenye ushirika na wilaya, Mkatoliki mwenye kigango na parokia, Mwanglikana, na ndugu wa makanisa ya Kipentekoste wataona wenyewe pa kubadilisha majina.

Jambo ninalolisisitiza toka mwanzo hadi mwisho ni hili: mwito wa mtu hauonekani siku ya usaili. Unaonekana katika kazi aliyoifanya kwa muda mrefu, na katika vinywa vya watu waliomwona wakati hakujua kwamba anatazamwa. Usaili unakuja mwishoni, kuthibitisha au kuuliza kilichobaki.

Kwanza, wale wanaosema mwito haupimwi

Utawasikia katika baraza lolote la wazee. "Mungu amemwita, sisi ni nani tumzuie?" Wajibu kwa upole, lakini wajibu. Paulo alimwandikia Timotheo, "Usimwekee mtu mikono kwa haraka" (1 Timotheo 5:22), na kuhusu mashemasi alisema "wajaribiwe kwanza" (3:10). Katika Matendo 6 mitume hawakuwachagua wale saba wenyewe gizani. Waliwaambia waumini wachague watu "walioshuhudiwa kuwa wema". Hata pale Matendo 1 ambapo kura ilipigwa kati ya Barsaba na Mathiya, sharti lilitangulia: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Yesu alipochukuliwa juu. Kura ilipigwa kati ya watu wawili ambao tayari walikuwa wamejulikana kwa miaka. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18 walitumia sana kura katika maamuzi yao, na baadaye wakaiacha.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ungamo la imani la Walutheri, kifungu cha 14, linasema mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka uchunguzi rasmi kabla ya mtu kupewa daraja takatifu, yaani ushemasi au upadre (kanuni ya 1051), na inakataza kabisa kumlazimisha mtu kupokea daraja (kanuni ya 1026). Hiyo ya mwisho naipenda, kwa sababu huku kwetu wako vijana wanaosukumwa na baba zao, wakaenda chuo kwa kuwa ukoo uliwahi kutoa mchungaji na sasa unataka mwingine.

Anzeni na kazi, siyo na mtu

Kabla hamjamjadili mwombaji yeyote, baraza liandike nusu ukurasa: tunamtafuta nani, akafanye nini, wapi? Mwinjilisti wa mtaa ulioko bondeni, ambako mvua za Novemba hadi Mei zinafunga barabara, anahitaji miguu, subira na uwezo wa kufanya kazi bila msimamizi karibu. Mchungaji wa usharika wa mjini Mbeya au Iringa anahitaji kichwa cha utawala, maana atakuwa na kamati nyingi, wanafunzi wa vyuo, na watu wanaohama kila mara. Mtu wa kwanza anaweza kushindwa kabisa mahali pa pili, na wa pili mahali pa kwanza.

Nusu ukurasa huo usomwe kanisani. Watu wakijua mnachotafuta, watawatajia majina ambayo hayangewajia. Na hapa ni muhimu sana: msisubiri wenye fomu. Wanaoomba wenyewe mara nyingi ni wale wenye ujasiri wa kuongea. Yule dada anayefundisha watoto wa kipaimara kila Jumamosi, anayejua nani hajaja na kwa nini, huenda hajawahi kuwaza kwamba kanisa linaweza kumtuma chuo. Mwiteni. Mwulizeni kama amewahi kufikiria. Mpeni miezi ya kuomba na kuzungumza na watu wake.

Mwaka mmoja wa kazi kabla ya fomu

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwombaji apewe kazi halisi kwa mwaka mzima, chini ya mzee mmoja au mwinjilisti atakayemwangalia na kuandika. Iwe kazi ya kawaida, isiyo na kipaza sauti. Kuongoza ibada za nyumba kwa nyumba. Kutembelea wagonjwa. Kusimamia mnada wa sadaka.

Nitaeleza kuhusu mnada, kwa sababu unafundisha mengi. Mnaujua wenyewe: baada ya ibada yanaletwa nje mayai, kuku, mkungu wa ndizi, ndoo ya maharage, parachichi. Mnadi anapaza sauti, watu wanacheka, bei inapanda. Mzee mmoja ananunua kuku na kusema atalipa Jumapili ijayo. Mama mwingine analipa nusu. Mpeni mwombaji daftari la mnada kwa miezi mitatu, kisha likagueni. Je, jina la aliyekopa limeandikwa? Je, deni la mzee mwenye heshima limeandikwa kama la mtu mwingine, au limeachwa kwa kuona haya? Pesa zimekabidhiwa kwa mhasibu siku hiyo hiyo, na mhasibu akasaini? Daftari lenye makosa ya kujumlisha halinisumbui, maana hesabu hufundishika. Daftari linalonisumbua ni lile safi kupita kiasi, lililoandikwa lote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia ukaguzi.

Mwangalieni pia kwenye kazi yake ya kujipatia riziki. Wengi wa vijana wetu ni wakulima, mafundi, waendesha bodaboda, au wanunuzi wa viazi Uporoto na Njombe. Kama ananunua viazi, je, anawafungisha wakulima lumbesa? Kanisa haliwezi kusoma "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA" (Mithali 11:1) na kumpeleka chuo mtu anayejaza gunia hadi linafungwa kilemba kisha analipa bei ya gunia moja.

Mwaka huu wa kazi unampa na mwombaji nafasi ya kujijua. Wengine wataona wenyewe kwamba walichopenda ni joho, na watarudi nyuma kwa heshima bila mtu yeyote kuwakataa.

Nyaraka

Hizi hazina mjadala mrefu. Cheti cha ubatizo na kipaimara; cheti cha ndoa kama ameoa au ameolewa; cheti cha kuzaliwa; namba ya NIDA; vyeti vya shule, na namba ya mtihani ilinganishwe na matokeo yaliyotangazwa na NECTA; barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji; hati ya Polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, inayotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kama amehamia kwenu akitokea usharika au kanisa jingine, barua peke yake haitoshi. Mpigieni simu mchungaji wa huko na mwulize maswali mawili: "Aliondokaje?" na "Ungekubali arudi kutumika kwako?" Kisha nyamaza, umwache aongee. Akisita, subiri.

Mpeni mwombaji karatasi ya kusaini kwamba anaridhia mfanye uchunguzi huu na kwamba anajua taarifa zake zitatunzwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa na sisi, na faili la mwombaji halipaswi kulala juu ya meza ya ofisi ambapo kila anayekuja kulipa ahadi analifungua.

Kwenda nyumbani na kwa majirani

Wazee wawili, mwanamke na mwanamume, waende nyumbani kwa mwombaji. Wakienda siku ya kazi wataona zaidi kuliko Jumapili jioni ambapo nyumba imefagiwa na chai imeandaliwa. Hakuna haja ya kumvizia. Mwambieni mtakuja wiki hiyo, msitaje saa.

Majirani ndio hazina. Paulo anataka mwangalizi ashuhudiwe mema "na watu walio nje", na kwetu walio nje ni pamoja na jirani Mwislamu mwenye duka, balozi wa nyumba kumi, mama muuza mboga anayemkopesha, mwenyekiti wa kikoba chao. Waulizeni hao kabla ya kuwauliza wanakwaya wenzake. Swali zuri haliombi sifa. "Huyu kijana ni mzuri?" litajibiwa "Ndiyo, mzuri sana," hata kama mtu anaficha mengi, maana hakuna anayetaka kumharibia mtoto wa mwenzake. Ulizeni tukio: "Mara ya mwisho mlipotofautiana naye ilikuwa juu ya nini? Akafanyaje?" Au: "Ukiwa na shida saa nane usiku, ungegonga kwake?"

Watafuteni kwa makusudi watu walio chini yake. Nakumbuka kijana mmoja aliyesifiwa na kila mzee, mwenye adabu, shikamoo haimpungukii. Tulipokwenda shambani kwao wakati wa kuvuna viazi tulikaa na vibarua wakati wa kula. Hatukuuliza mengi. Mama mmoja alisema tu, huku akimenya kiazi, kwamba hapo malipo huwa ni "njoo kesho", na kwamba yeye alikuwa amekuja kesho hiyo mara kadhaa. Wenzake wakatazamana, hakuna aliyembishia. Kijana alipoulizwa baadaye hakukana, na alisema maneno ambayo sikuyasahau: "Lakini wale si washirika." Baraza lilimwambia bado. Alipewa mwaka mwingine, na sharti la kwanza lilikuwa kulipa madeni yote ya vibarua mbele ya mzee wa mtaa.

Madeni yanahitaji swali la wazi. Mikopo ya kausha damu imeingia hadi vijijini, na mtumishi anayekimbizwa na wakopeshaji atajaribiwa na kila sadaka inayopita mikononi mwake. Kudaiwa si dhambi. Kuficha ndiko kunakopaswa kuwashtua. Kama ana deni, aeleze anadaiwa na nani na atalipaje.

Mume au mke wa mwombaji azungumze peke yake na mjumbe wa jinsia yake. Haya si mtihani kwake. Ni haki yake kusema kama anaridhia kuhamishwa kutoka Tukuyu kwenda Ludewa, watoto kubadilisha shule, na mshahara unaochelewa. Mkiona anajibu huku akimtazama mwenzake mlangoni, tafuteni siku nyingine, mahali pengine.

Na kwa wanawake wanaoomba, katika makanisa yanayowapokea kwa uchungaji, uinjilisti au kazi nyingine, tumieni maswali yale yale ya wanaume. Nimesikia binti anaulizwa atafanyaje akipata mimba akiwa chuoni, na kijana aliyemfuata haulizwi atafanyaje akimpa mtu mimba akiwa chuoni. Swali la pili ndilo lilikuwa muhimu zaidi.

Usalama wa watoto na wanawake

Hapa naomba wazee wasione haya. Mwombaji atakuwa na mamlaka juu ya watoto wa chini ya miaka 18, na juu ya wajane na mabinti wanaokuja kuombewa. Waulizeni walimu wa Shule ya Jumapili, wanakwaya wa kike, na wanafunzi wa kipaimara waliomaliza zamani, mmoja mmoja, na mwulizaji awe mwanamke. Swali: "Je, kuna jambo lolote alilowahi kusema au kufanya lililokufanya usitake kubaki naye peke yako?"

Likijitokeza jambo la jinai dhidi ya mtoto, haliishii kwenye kikao cha wazee, wala halisuluhishwi kwa ng'ombe na familia. Linakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Na kumhamishia mtu wa namna hiyo usharika wa mbali ni kuwapelekea watoto wa wengine hatari mliyoijua.

Afya

Daktari aseme kama mwombaji anaweza kazi. Zaidi ya hapo si letu. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya iko miongoni mwa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na bado ziko fomu zinazodai majibu ya kipimo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, na kanisa kutaka kujaza nafasi si mojawapo. Mtu anayeishi na VVU, anayemeza dawa zake kila siku, anaweza kutumika hadi uzee. Liondoeni swali hilo kwenye fomu zenu.

Siku ya usaili

Kamati iwe ya watu watano: mchungaji, wazee wawili, mwakilishi wa vijana au wa wanawake, na mtu mmoja kutoka usharika mwingine asiyemjua mwombaji wala ukoo wake. Mwenye undugu na mwombaji atoke nje ya chumba, siyo kukaa kimya tu. Hili linawagusa na watoto wa wachungaji. Zawadi nazo zirudishwe: kiroba cha mchele wa Kyela kikitua kwa mjumbe wiki ya usaili, kirudi na aliyekileta, na mwenyekiti aambiwe.

Maswali yaandikwe mapema na kila mwombaji aulizwe yale yale, kwa mpangilio ule ule. Bila hivyo, mtu mnayemjua ataulizwa habari za mama yake na mgeni ataulizwa tofauti ya Walawi na Hesabu. Kila mjumbe aandike alama zake, 1 hadi 4 kwa kila swali, kabla ya mtu yeyote kuongea. Mjadala ukianza, aanze mdogo kuliko wote na mchungaji awe wa mwisho. Kwa malezi yetu, Baba Mchungaji akishasema "mimi namwona anafaa," kikao kimekwisha, na mama aliyekuwa na neno la maana atalimeza na kwenda nalo nyumbani.

Msiulize sana "Umeitwaje?" Ushuhuda wa mwito watu wameshajifunza kuusimulia, utaletewa ndoto, ugonjwa na sauti. Usikilizeni kwa heshima, kisha mwende kwenye mambo yaliyotokea kweli:

"Ni nani aliwahi kukukemea, kwa jambo gani, na ulibadilisha nini?"

"Tuambie mara uliyoshika pesa zisizo zako. Zilikuwa kiasi gani, na zilifikaje kwa mwenyewe?"

"Ni mtu gani hapa usharikani ambaye hamjapatana mpaka leo?"

Halafu mpeni visa vya huku kwetu. Mama amekuja kwako akiwa na kopo la dawa za ARV. Ameombewa kwenye mkutano wa hadhara na ameambiwa amepona, aache dawa. Utamwambia nini? Hapa hakuna majibu mengi: mtu yeyote atakayemshauri aache dawa, au atakayesema "inategemea imani yake", hafai kupewa watu. Jibu zuri linaomba pamoja naye, linamwambia aendelee na dawa, na linamsindikiza kliniki.

Kisa kingine: mume amezikwa jana, mchungaji yuko semina Iringa, na ndugu wa marehemu wameanza kutoa mabati na ng'ombe huku mjane anakaa tu. Wewe ni mwinjilisti wa mtaa. Utafanya nini jioni hiyo hiyo? Na kingine: mzee wa kanisa mwenye uwezo anataka utangaze ndoa ya mwanawe na binti aliye Kidato cha Pili. Mwishoni, kidogo tu: sadaka imehesabiwa, mhasibu amepatwa na msiba, giza linaingia, na wewe una mfuko wa pesa mkononi.

Sikilizeni hatua yake ya kwanza na mtu wa kwanza anayemwita. Anayejibu "Sijui vizuri, ningempigia mchungaji, lakini kwa usiku ule ningekaa na mjane ili asiwe peke yake" amewazidi wote wanaomwaga mistari. Anayetatua kila kisa kwa mahubiri, jihadharini naye.

Elimu ya Biblia ipimwe, lakini kwa kiasi. Chuo kipo kwa ajili hiyo. Mpeni somo jioni, na kesho yake ahubiri dakika 10 mtaani, mbele ya watu wa kawaida na si mbele ya kamati yenye kalamu. Baadaye waulizeni bibi wawili walioketi nyuma walichosikia. Wakiweza kukisimulia, amehubiri. Kisha aende na mzee mmoja kumtembelea mgonjwa. Mzee asimsaidie. Aangalie kama kijana anaketi au anasimama mlangoni, kama anamwacha mgonjwa aseme, kama sala yake inamtaja mgonjwa na maumivu yake au ni ile ile anayoisali kila mahali.

Kuhusu lugha: ibada zetu ni za Kiswahili, lakini bibi anayekata roho anaomba kwa Kibena, Kihehe, Kikinga au Kinyakyusa. Mwombaji asikatwe alama kwa kuwa ni wa kabila jingine. Ulizeni tu kama, kwa muda aliokaa hapa, amejifunza kusalimia. Anayesema "Kamwene" kwa makosa ya matamshi na kucheka pamoja na wenyeji atafika mbali. Na wajumbe wajichunguze: sababu ya kumkataa mtu ikishindwa kuandikwa kwenye muhtasari wa kikao bila kutaja kabila lake, hiyo si sababu.

Ndiyo, bado, hapana

Majibu ni matatu, na kila moja liandikwe. "Bado" lisiwe njia ya kumkwepa mtu. Liwe na tarehe na kazi. "Tutakutana tena Juni mwakani, na kabla ya hapo utakuwa umelipa vibarua na kuongoza ibada za nyumba kwa baba Mwinjilisti." Bila tarehe, mnamtesa.

"Hapana" ni ngumu kwetu, tunapenda kulizungusha mpaka mtu achoke mwenyewe. Msifanye hivyo, na msitume kwa WhatsApp. Watu wawili waende kwake, mmoja akiwa mtu anayempenda, katikati ya wiki ili asilazimike kukaa kanisani kesho yake akitazamwa. Maneno yawe machache: "Mwanangu, tumekaa, tumeomba, tumesikiliza watu. Kanisa halitakupeleka chuo cha uchungaji. Tumeona unachoka haraka na watu wenye shida, na wewe mwenyewe ulituambia hivyo. Tumeona pia mkono wako kwenye ujenzi na kwenye vijana. Tungependa uendelee huko." Sababu iwe ile anayoweza kuielewa na kuifanyia kazi. Majina ya waliosema yasitajwe kamwe. Akiyahisi, leo ni jirani, kesho ni adui. Akitaka rufaa, aonyeshwe njia ya kwenda kwa mkuu wa jimbo. Na mmoja wa wale wawili arudi kwake baada ya wiki, bila ajenda.

Mkiona shinikizo linakuja kutoka juu, kwamba huyu lazima apite, kinga yenu ni muhtasari ulioandikwa vizuri, wenye alama za kila mjumbe na saini. Mkubwa anaweza kubatilisha uamuzi wenu, lakini itambidi afanye hivyo kwa maandishi, na mara nyingi hapo hutulia.

Akishakwenda chuo

Kazi ya baraza haijaisha muhuri unapogongwa. Andikeni mkataba mfupi wa ada: nani analipa kiasi gani, na itakuwaje akiacha masomo au akihamia kanisa jingine. Mpeni mlezi mmoja atakayempigia simu kila mwezi na kumtembelea angalau mara moja kwa mwaka. Chuo kikiwa Kidugala au Mbeya mjini hakuna kisingizio cha umbali. Wakati wa likizo arudishwe mtaani, kwenye daftari lile lile na wagonjwa wale wale. Chuo kinaweza kumpa mtu Kigiriki, na kinaweza pia kumpa kiburi, na ninyi mliomjua kabla ndio mtakaoiona tofauti.

Miezi mitatu kabla ya kubarikiwa, yaani kuwekewa mikono, faili lifunguliwe tena. Wazee wawili warudi kwa majirani wale wale, kwa mwenye duka, kwa vibarua, kwa mama wa kikoba, na maswali yale yale. Jina litangazwe kanisani Jumapili tatu mfululizo, likitajwa pamoja na mtu mmoja wa kupokea pingamizi ambaye si mchungaji wa hapo wala ndugu wa mtahiniwa, na namba yake ya simu ibandikwe mlangoni. Pingamizi lisilo na jina lisomwe na lichunguzwe kama yale yenye majina, maana binti wa miaka 16 hawezi kusaini barua ya kumpinga mchungaji mtarajiwa, na huenda yeye ndiye peke yake anayejua.